Mkurugenzi Aliyelalia Taarifa ya Mwaka

Ipo nchi moja, na kama wakubwa wake hawajaihamisha basi bado ipo palepale, inaitwa Dola ya Usahihi. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake iko kwa mchapaji tangu enzi za rais wa kwanza, inasubiri saini ya waziri, na waziri anasubiri ramani imwonyeshe ofisi yake ilipo.

Watu wa nchi hiyo ni wapole, wanapenda chai, na wanaogopa kuchelewa. Hawakuzaliwa na woga huo. Walifunzwa na Mamlaka ya Taarifa za Wakati, jumba la vioo vya kijani lililosimama katikati ya mji na saa kubwa kwenye paji la uso. Saa hiyo inakwenda mbele kwa makusudi. Wataalamu waliona kwamba ikisema kweli kuna watu watawahi, na mtu akiwahi Mamlaka haina la kumfanya. Kwa hiyo ukifika asubuhi na mapema umechelewa, ukifika jana yake umechelewa kidogo, na mlangoni unapokewa kwa heshima zote na kupewa stakabadhi ya kuchelewa. Stakabadhi ni bure. Stempu yake ndiyo unayonunua.

Kazi ya Mamlaka ni kuhakikisha kila kampuni, kubwa kwa ndogo, inaleta taarifa yake ya fedha ya mwaka kabla ya siku ya mwisho. Siku ya mwisho ni sikukuu ya taifa. Shule zinafungwa, mizinga inapigwa, na jua likizama mlango unafungwa na bendi ya polisi inapiga wimbo wa huzuni kwa ajili ya waliobaki nje. Mamlaka yenyewe haijapata kutoa taarifa yake hata mara moja, kwa sababu taarifa ya Mamlaka inatakiwa ikaguliwe na Mamlaka, na Mamlaka inajiamini.

*

Sasa, nyuma ya soko la mkaa la mji huo palikuwa na kampuni iitwayo Makame na Mkewe, Magodoro. Makame alikuwa Makame Tawakali, fundi wa magodoro ya sufi. Mkewe ni Bi Mwanasiti. Mtoto hawakujaaliwa, wakajaaliwa kampuni. Mvua ikinyesha waliamka kuangalia kama haivujiwi, na wakienda msibani mji wa mbali walikuwa wakiulizana njiani imeshindaje.

Ilianza kuwa kampuni siku Makame alipotaka mashine ya kuchambulia sufi. Hakuwa na uwezo wa kuinunua peke yake, akawaomba majirani wachange wawe na hisa. Wakachanga. Tamimu muuza chai alinunua hisa, fundi viatu akanunua, mama wa vitumbua akanunua, hata imamu na katekista wa mtaa wakanunua, na tangu hapo wakawa wanasalimiana kama wafanyabiashara. Gawio la fedha halikuwahi kutoka. Kila mwisho wa mwaka mwanahisa alipewa mto mpya wa sufi, na mtaa mzima ulikuwa unalala vizuri kuliko mtaa wa mawaziri.

Mkutano mkuu ulifanyika uani, masufuria ya pilau yakiwa mekoni. Makame alisimama na kuisoma taarifa ya fedha kwa sauti. Watu wakisikia mapato waliitikia naam, wakisikia matumizi waliguna, na alipofika kwenye kodi wanawake walishika vichwa. Kisha yeye na mkewe walitia saini mbele ya wote, na kesho yake taarifa ilikuwa Mamlaka. Hawakuwahi kuusikia ule wimbo wa huzuni wakiwa nje ya mlango.

Makame alikuwa na mwiko mmoja. Godoro la sufi hushonwa pande zote likaachwa upande mmoja, na hapo panaitwa mdomo. Sufi huingizwa kwa kupitia hapo, ikapigwapigwa mpaka ienee, halafu mdomo unafungwa kwa sindano ndefu. Mafundi wengine huacha mdomo wazi wakarudi kesho. Makame, hapana. Siku ya harusi yake, watu wameshakaa na shekhe ameshakohoa, alikumbuka godoro la mteja aliloliacha halijafungwa. Akatoka na joho lake la harusi akaenda kulifunga, ndipo akarudi kuoa akiwa na manyoya ya sufi kwenye nyusi. Bibi arusi alimsubiri. Alimwambia shangazi yake, "Huyu hata kufa hatakufa mpaka amalize alichoshika."

Shangazi akacheka, na watu wakacheka. Bi Mwanasiti hakuwa anatania.

*

Sufi ni laini kwa mgongo, si kwa kifua. Vumbi lake hulioni mpaka limeshaingia. Makame alilivuta ujana wake wote, na mwaka huo kifua kilimjaa, akawa anapumua kama mvukuto uliotoboka. Daktari alimvuta Bi Mwanasiti pembeni, akamshauri amrudishe mgonjwa nyumbani, amlaze pazuri, na wasiweke mipango ya mbali.

Akamlaza pazuri. Hapakuwa na pazuri kuliko godoro lao wenyewe, ambalo Makame alilishona mwaka wa kwanza wa ndoa kwa kitambaa cha mistari ya buluu, na kila baada ya miaka michache alilifungua, akaianika sufi juani, akalifunga tena.

Siku hizo hizo mhasibu alileta taarifa ya mwaka. Ilikuwa imekamilika, ilisubiri saini mbili tu. Bi Mwanasiti aliipokea mlangoni, na Makame kutoka ndani akauliza nani huyo.

Akamjibu kwamba ni mtu wa dagaa.

Alisimama ukumbini ameishika ile taarifa kifuani. Akapiga hesabu ya mambo ya mumewe. Mashine imetiwa mafuta. Magodoro ya watu yote yamefungwa midomo. Deni la nyuzi limelipwa, na hata kitasa cha mlango wa uani, ambacho Makame alikuwa akiahidi kukitengeneza tangu mfalme wa nchi jirani akiwa hai, amekitengeneza juzi kwa kukaa kwenye kigoda na kupumzika kila msumari. Hakikubaki kitu duniani ambacho Makame alikishika akakiacha, isipokuwa hii. Akitia saini atakuwa amemaliza.

Aliingia chumbani kumbadilishia shuka. Alipomgeuza upande, akaisukuma taarifa chini ya godoro, akalinyoosha shuka juu yake.

Jioni Makame akauliza, "Taarifa haijaja?"

"Bado."

"Mhasibu yule hajapata kuchelewa, Siti."

"Anaumwa jino."

Kesho yake akauliza tena, na jino lilikuwa bado linauma. Keshokutwa likavimba. Likauma mpaka lingekuwa jino la kweli lingeshang'olewa na kuzikwa. Kisha siku moja Makame hakuuliza. Wala siku iliyofuata. Akawa analala tu anatazama dari, mkono wake mmoja ukitembea pole pole pembeni mwa godoro, kama anavyofanya fundi akipima kazi ya mwenzake.

Na akaishi. Daktari alikuja akapima, akatoka nje kukiangalia chombo chake kama ni kizima. Makame alivuka mwezi alioambiwa hatauvuka. Akaziona mvua, akaonja fenesi la kwanza la msimu, akamsuta Tamimu kwa chai yake nyepesi. Siku ya mwisho ya taarifa ilipofika na mizinga ikapigwa, vioo vya dirisha vilitetemeka. Makame alikuwa ameushika mkono wa mkewe. Aliusikia mzinga wa kwanza, akausikia wa mwisho, na bendi ilipoanza wimbo wa huzuni kule mjini alifumba macho akatabasamu kidogo.

Alikufa asubuhi moja baadaye, sindano yake ikiwa ukutani. Waoshaji walipomnyanyua, taarifa ilikuwa bado pale chini, imechukua umbo la mgongo wake.

*

Bi Mwanasiti alikaa eda. Alifunga nywele, akavaa nguo zisizo na rangi, hakutoka mlangoni, na wanawake wachambuaji wa sufi wakawa wanaendesha kiwanda kwa maneno anayowapelekea. Ndani ya eda hiyo ndipo alipofika Bwana Fikirini, afisa wa Mamlaka, mtu mpole mwenye mkoba na soksi zilizopigwa pasi. Alileta hati ya adhabu ya kuchelewesha taarifa, akataka kuikabidhi mkononi mwa Mkurugenzi Makame Tawakali.

Akaambiwa, kutoka nyuma ya pazia, kwamba Makame amefariki.

Bwana Fikirini alitoa pole, tena pole ya kweli, mpaka akavua kofia. Kisha akafungua kitabu cha kanuni. Kwa mujibu wa kanuni, alisema, mkurugenzi anaondoka kazini kwa njia mbili tu: ajiuzulu kwa mkono wake mbele ya afisa, au kampuni ifutwe kwa taarifa ya mwisho iliyosainiwa na wakurugenzi wote.

"Kufa hakumo, mama," akasema kwa masikitiko. "Nimeangalia mpaka kwenye nyongeza."

Kwa hiyo Makame alikuwa bado kazini, na amechelewa. Faini itapanda kila siku. Isipolipwa, mashine itapigwa mnada na kampuni itafilisiwa. Kama wanaona wameonewa, wakate rufaa, lakini mkata rufaa lazima aende mwenyewe, kwa miguu yake, ndani ya muda. Bi Mwanasiti akamweleza kwamba hatoki mpaka eda iishe. Bwana Fikirini akalipeleka jambo hilo kwa wakubwa zake, akarudi na jibu lenye mhuri: Mamlaka imetafuta katika daftari la makampuni na haikuona kampuni iitwayo Eda, hivyo haiwezi kuizingatia.

Eda ilipokwisha akaenda. Alipewa stakabadhi tatu mlangoni: ya kuchelewesha taarifa, ya kuchelewesha rufaa, na ya kufika saa mbili wakati saa ya jumba inasema saa nne.

*

Rufaa zilisikilizwa na Baraza, na mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Dokta Lukindo, mtu wa kimo kifupi aliyekalia kiti kirefu, hata miguu yake ilikuwa inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Udaktari alitunukiwa kwa utafiti wake uliothibitisha kwamba kesho inakuja baada ya leo.

Siku ya kwanza kesi iliahirishwa kwa sababu Dokta Lukindo alikuwa anafungua semina ya kuwahi, na semina ilichelewa kuanza. Ya pili ikaahirishwa kwa sababu jalada lilikuwa kwenye chumba ambacho funguo zake zilikuwa kwenye jalada. Ya tatu wajumbe walifika wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, wakapiga picha ya ukumbusho mpaka muda ukaisha. Faini ilipanda kila walipoahirisha. Bi Mwanasiti aliuliza kwa nini anatozwa yeye kwa kuchelewa kwa Baraza, akafafanuliwa kwamba asingekata rufaa kusingekuwa na kitu cha kuahirisha.

Kiwandani, wachambuaji walianza kupunguza kula ili kiwanda kiwe na uzi. Madalali walianza kupita mbele ya mlango wakiitazama mashine kwa jicho la mchumba.

Ndipo Bwana Fikirini alipokuja tena, jioni, safari hii akitabasamu kama mtu aliyebeba zawadi. Rais alikuwa anatimiza miaka kadhaa ya kutochelewa, na katika kusherehekea alikuwa ametoa Msamaha wa Mzembe Aliyekiri. Kampuni ikimtaja mkurugenzi mmoja ambaye uzembe wake ulichelewesha taarifa, faini yote inafutwa, mashine inabaki, kampuni inabaki. Mzembe anasomwa jina lake redioni baada ya taarifa ya habari, basi, yamekwisha. Sentensi ilikuwa imeshapigwa chapa: Taarifa ilichelewa kwa uzembe wa Mkurugenzi Makame Tawakali.

"Niandike mimi," Bi Mwanasiti akasema. "Mimi ndiye mzembe."

Bwana Fikirini akakuna shingo. Mkurugenzi aliye mzima hawezi kukiri, akaeleza, kwa sababu aliye mzima anaweza kujitetea, na anayeweza kujitetea kesi yake inaanza upya. Kiliwekwa kifungu hicho kurahisisha mambo.

Habari zilienea mtaani kabla afisa hajafika barabarani. Wanahisa wakaja. Waliingia mmoja mmoja kama wanaokuja kuhani msiba, ila safari hii macho yao yaling'aa. Tamimu muuza chai, ambaye Makame alikuwa rafiki yake tangu wote wawili hawajaota ndevu, alileta birika lake mwenyewe na kumimina tangawizi, akakaa kwenye kigoda kile kile cha kitasa.

"Shemeji," akasema, "Makame akiitwa mzembe haamki kukanusha. Sisi tulio macho ndio tutakula nini?"

"Wewe ukisikia redioni Makame mzembe, utaamini?"

"Nitaizima."

"Basi unataka niweke saini kwenye jambo ambalo muuza chai haliamini."

"Muuza chai haliamini," Tamimu akasema, akiitazama chai, "lakini ana mashine ya kuokoa. Wale wanawake kumi na ushei kule kiwandani nao hawaamini. Kweli yako ni yako peke yako, shemeji. Mashine ni yetu sote."

Aliona kwamba amesema sawa. Hakumweleza habari ya dagaa wala ya jino. Aliinywa ile chai, akawaambia wanahisa kwamba atasaini. Mama wa vitumbua akamkumbatia akilia. Imamu na katekista wakashikana mikono.

*

Siku ya kusaini Baraza lilijaa. Dokta Lukindo alisimama juu ya kiti ili aonekane.

"Wananchi," akaanza, "Taifa ni nini? Taifa ni watu waliofika. Waliochelewa ni wapita njia. Leo tunashuhudia ukomavu wa mfumo wetu, ambapo mzembe, licha ya changamoto za kutokuwapo, amepata fursa ya kukiri. Nchi nyingine zina madini. Sisi tuna tarehe."

Wakapiga makofi. Wajumbe wawili waliamka.

Bi Mwanasiti aliitwa mbele. Akapewa kalamu, na kalamu ilikuwa imefungwa mezani kwa mnyororo. Akainama. Alikuwa ameshaweka ncha ya kalamu kwenye mstari, na nyuma yake alimsikia Tamimu akivuta pumzi, wakati karani wa Baraza alipokohoa. Kabla ya saini kulikuwa na swali moja la utaratibu, ambalo karani alilisoma kwenye kadi kwa sauti ya mtu anayetangaza vituo vya treni.

"Unathibitisha kwamba Makame Tawakali alikuwa mtu wa kuacha kazi nusu?"

Kalamu ikasimama.

Lau wangemwita mwizi, huenda angesaini. Angesaini mlevi, angesaini muasi, angesaini jasusi wa nchi jirani, maana hayo yote Makame angeyacheka. Lakini lile neno lilimkuta kwenye nyusi zenye manyoya ya sufi, kwenye joho la harusi, kwenye msumari mmoja mmoja wa kitasa. Aliilaza kalamu mezani, mnyororo ukalia.

"Hapana," akasema.

Dokta Lukindo akashuka kwenye kiti. "Mama, ni utaratibu tu."

"Taarifa ililetwa mapema. Makame aliitaka aisaini, nikamficha. Nilijua akishamaliza ataondoka. Nikaiweka chini ya godoro alilolilalia."

Mwenyekiti alitazama wajumbe, wajumbe wakatazama kitabu cha kanuni, na kitabu hakikuwa na la kusema.

"Yaani," Dokta Lukindo akauliza pole pole, "ulichelewesha taarifa ili mkurugenzi achelewe kufa?"

"Ndiyo."

"Na alichelewa?"

"Alichelewa." Sauti yake ilikatika hapo, akaiunga. "Alikula fenesi."

Hapo Bwana Fikirini, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba magotini, akauliza swali ambalo halikuwamo kwenye kadi yoyote. "Mwenyewe alijua, mama?"

Jambo hilo Bi Mwanasiti alikuwa hajapata kulitamka hata peke yake.

"Makame alikuwa akilala juu ya godoro na mbegu moja ya sufi imesahaulika ndani, anaamka anakuonyesha ilipo. Sasa hiyo ni taarifa nzima, na majalada yake. Alikuwa akiilalia usiku na mchana." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Siku moja aliacha kuuliza. Ndiyo siku aliyojua. Mtu asiyejua kulaza kazi, akailaza kwa ajili yangu."

Karani aliweka kadi yake chini. Mwanamke mmoja wa wachambuaji alianza kulia, halafu wawili. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama Dola ya Usahihi inataka kufanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya, na macho ya watu yakamgeukia mwenyekiti.

Mwenyekiti naye alikuwa ameguswa. Alisema hivyo mwenyewe. Alisema ameguswa sana, na akaomba iandikwe kwamba ameguswa. Kisha akatoa hukumu. Uzembe husamehewa, lakini makusudi hayasamehewi. Hapa Baraza limekuta makusudi ya wakurugenzi wawili, mmoja kwa kuficha na mwingine kwa kulalia, na kulalia taarifa ya mwaka ni kosa jipya ambalo sheria haikulijua, hivyo Baraza linaona fahari kulipatia namba. Rufaa imetupwa. Faini mara mbili. Mashine ipigwe mnada.

Halafu akatazama saa, akasema wamechelewa chakula cha mchana.

*

Madalali walikuja wakaichukua mashine ya kuchambulia sufi. Ilinunuliwa na Mamlaka yenyewe, kwa bei ambayo Mamlaka ilijipangia, ili iwe inachambulia sufi ya viti vya Baraza. Lakini faini ilikuwa haijatimia. Mmoja wa wataalamu akagundua kwamba mwaka ule wanahisa walikuwa wamepokea mito kabla taarifa haijasainiwa, na gawio lililotangulia saini ni mali ya serikali. Basi madalali wakapita nyumba kwa nyumba alfajiri, wakikusanya mito. Waliwaomba watu radhi, wakawainua vichwa taratibu, wakavuta. Imamu alitoa wa kwake mwenyewe. Mama wa vitumbua aliusindikiza wake mpaka kwenye gari.

Tamimu hakumsalimia Bi Mwanasiti tangu siku ya hukumu. Akipita na birika alitazama upande wa pili wa barabara. Siku ya mito ndipo alipokuja mlangoni, akasimama bila kukaa.

"Nimelala nimekunja mkono," akasema. "Mkono umekufa ganzi."

"Nisamehe, shemeji."

"Umetuuza kwa neno moja."

"Nalijua."

Tamimu alitaka kusema kingine. Mwishowe akasema kwamba hata yeye, karani angemuuliza vile kuhusu Makame, hajui angefanyaje, halafu akaondoka kwa haraka kama aliyetukana.

Bi Mwanasiti akaingia chumbani. Akaichukua sindano ndefu ukutani, akalikalia godoro la mistari ya buluu, akaufungua mdomo wake, uzi mmoja mmoja, akifuata mkono wa Makame kinyumenyume. Harufu yake ilitoka humo, akasubiri mpaka iishe. Kisha akaanza kutoa sufi. Godoro moja halitoshi mito ya mtaa mzima, fundi yeyote atakwambia. Lakini wanawake wachambuaji walikuja bila kuitwa, wakaichambua ile sufi kwa vidole mpaka ikapanda kama povu, na kila mwanahisa akapata mto wake, mwembamba kama mkate wa chila. Tamimu wa kwake aliupokea kwa mikono miwili. Watu wanasema usiku ule mtaa mzima uliota ndoto za watu wawili waliooana.

Lililobaki ni ganda la godoro, limelegea juu ya kitanda, mdomo wazi. Mafundi walijitolea kulifunga. Akakataa.

Bwana Fikirini alikuja kwa mara nyingine na karatasi ya mwisho. Kampuni imeshafilisiwa, ifutwe sasa. Inahitajika taarifa ya mwisho, saini mbili, ya Mkurugenzi Mwanasiti na ya Mkurugenzi Makame. Alionekana kuona haya. Alimnong'oneza kwamba kwa ya marehemu, dole gumba lolote litakubaliwa, wamefanya hivyo kwa wengine. Akishasaini, jina la Makame litaondoka kwenye daftari na Mamlaka haitamsumbua tena.

"Na nisiposaini?"

"Atabaki kazini, mama. Kanuni ndivyo zilivyo. Kila mwaka tutamwandikia."

Bi Mwanasiti alimshukuru sana, mpaka afisa akashangaa. Aliichukua ile karatasi, na alipokuwa peke yake akaingiza mkono ndani ya mdomo wa godoro mpaka begani, akaiacha humo kwenye kona, upande aliokuwa akilala mumewe.

Tangu hapo imekuwa desturi. Mtaa umeshazoea kumwita marehemu, kaburi lake limeota majani, hata wachambuaji wamepata vibarua kwingine na wanamtaja kwa kushusha sauti. Nchi nzima imekubali kwamba Makame Tawakali amekufa, ila wawili: Mamlaka ya Taarifa za Wakati, na mkewe. Kila mwaka, mizinga ikishapigwa, Bwana Fikirini anakuja na bahasha yenye jina kamili na cheo, amezeeka sasa, soksi zake hazina pasi. Anavua kofia. Bi Mwanasiti anamwekea kiti, anamwandalia kahawa, maana hakuna mtu mwingine anayekuja kumuulizia.

"Mkurugenzi Makame yupo?"

Naye huwa anageuka kidogo kutazama chumbani, ambako mlango haufungwi, kwenye kitanda chenye ganda la mistari ya buluu.

"Hajamaliza kazi," humjibu.

Bwana Fikirini huandika hivyo hivyo.